Mkimbiaji wa Meta Mia

Katika mwezi wa Agosti 2008, kijana mmoja wa kisiwa cha Jamaika, jina lake Usain Bolt, alishinda mbio ya meta 100 katika mji wa Beijing, inchi ya China. Alitumia sekunde 9,69. Hesabu polepole toka moja hata kumi: kabla hujamaliza, yeye amekwisha fika. Tena, kabla ya kufika mwisho, alinyosha mikono na kujipiga kifua kwa furaha, na kamba ya kiatu chake kimoja ilikuwa imefunguka.

Watu wakauliza: "Kijana huyu anakula nini?" Baba yake akajibu kwamba nguvu za mwanawe zatoka katika viazi vikuu.

Jibu hilo si la kuchekwa. Bolt alizaliwa mwaka wa 1986 katika kijiji cha Sherwood Content, jimbo la Trelawny, na jimbo hilo lajulikana katika Jamaika nzima kwa viazi vikuu vya rangi ya manjano. Asili ya viazi hivyo ni Afrika ya Magharibi. Zamani vilivuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani. Kiazi kikuu ni chakula kama muhogo, ndizi ya kupika ao mahindi: kina wanga mwingi. Tumbo huugeuza wanga kuwa sukari, damu huichukua sukari hiyo, na misuli huiweka akiba. Mtu asiye na akiba hiyo huchoka upesi katika mazoezi.

Lakini katika Trelawny watu wengi hula viazi vikuu, wala hawakimbii kama Bolt. Na kule Beijing yeye mwenyewe alikula nini? Baadaye alisimulia katika kitabu chake kwamba chakula cha kule kilikuwa kigeni kwake. Basi akala vipande vidogo vya kuku vya kukaanga, karibu mia moja kila siku! Hicho si chakula cha kumshauri mtu yeyote. Basi, mbio zile zilitoka wapi?

Zilitoka katika kazi ya miaka mingi, na mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mwaka wa 2002, akiwa na umri wa miaka 15 tu, Bolt aliwashinda vijana wa dunia nzima katika meta 200. Kisha maumivu yakaanza. Uti wa mgongo wake umepinda. Mgongo ukipinda, nyonga huyumba wakati wa kukimbia, na misuli ya nyuma ya paja huvutwa kupita kiasi. Mwaka wa 2004 alikwenda Athens kwa michezo ya Olimpiki, akashindwa katika mbio ya kwanza kabisa. Watu wengine wa kwao wakasema kwamba hana bidii.

Mwaka huohuo alipata mwalimu mpya, Glen Mills. Mwalimu huyo aliona kwamba kijana anakimbia akiegemea nyuma, na hivyo anajiumiza. Hakumpa dawa ya mbio. Alimfundisha upya kusimamisha mwili vizuri, na kumtaka afanye mazoezi ya tumbo na mgongo siku kwa siku, ili misuli ya pale iushike uti wa mgongo kama kamba zinavyoushika mlingoti. Kazi hiyo haipendezi macho, wala hapana anayeipigia makofi. Ilichukua miaka.

Sasa tuitazame misuli yenyewe. Ina nyuzi za namna mbili. Nyuzi za namna ya kwanza hufanya kazi polepole, lakini hazichoki upesi. Ndizo zinazomsaidia mama anayetembea njia ndefu na mzigo kichwani. Nyuzi za namna ya pili hujikaza kwa ghafula na kwa nguvu nyingi, lakini huchoka mara moja. Mkimbiaji wa meta 100 hutegemea hasa hizi za pili. Ndani yake mna akiba ndogo ya nguvu iliyo tayari, nayo yatosha sekunde chache tu. Ikiisha, yataka dakika kadhaa ili irudi.

Kwa sababu hiyo mazoezi yake ni ya ajabu kwa mtu anayetazama kando. Anakimbia meta 30 ao 60 kwa nguvu zote, kisha anatembeatembea, anangoja dakika tatu, nne, hata zaidi. Ndipo anakimbia tena. Mtazamaji atasema: "Huyu anapoteza wakati!" Sivyo. Akikimbia kabla akiba haijarudi, atakimbia polepole, na mwili utazoea mwendo wa polepole. Mwalimu mwenye busara, akiona katika saa yake kwamba kasi imepungua, humwambia: "Yatosha kwa leo." Siku nyingine ni za kuinua vyuma vizito, kuruka, ao kupanda kilima mbio. Na usiku ni wa kulala, kwani misuli iliyochoka hutengenezwa wakati wa usingizi.

Mbio ya Bolt katika mji wa Berlin, siku ya 16 Agosti 2009, yaonyesha jambo hilo wazi. Alimaliza kwa sekunde 9,58. Kati ya meta ya 60 na ya 80 alitumia sekunde 1,61, yaani mwendo wa kilometa zaidi ya 44 kwa saa. Lakini meta 20 za mwisho zilimchukua sekunde 1,66. Hata yeye alipungua! Katika mbio hii hapana anayezidisha kasi mwishoni. Mshindi huonekana kama anazidisha, kwa sababu wenzake wanapungua zaidi.

Na chakula? Kila siku mkimbiaji hula wanga, mboga na matunda, pamoja na vyakula vinavyojenga misuli: samaki, mayai, nyama, maziwa, maharagwe, karanga. Vyakula hivyo vya kujenga havifai kuliwa vyote kwa mara moja. Afadhali kuvigawa asubuhi, mchana na jioni. Siku ya mbio hula saa tatu ao nne mbele ya kukimbia, tena chakula alichokizoea, kwa maana tumbo lenye kazi huuzuia mwili.

Kisha husimama katika mstari na kungoja bunduki. Mwaka wa 2011, katika mji wa Daegu, Korea ya Kusini, Bolt aliondoka kabla ya bunduki kulia. Sheria haikumpa mara ya pili. Akatolewa nje palepale. Yohan Blake, aliyefundishwa na mwalimu yuleyule Mills, akashinda kwa sekunde 9,92.