Nyumba ya Wazee: Saruji Si Dawa ya Kila Ufa

Pale njia panda ya Uyole, barabara moja inashika kwenda Tukuyu na Kyela, nyingine inakwenda Makambako hadi Iringa. Kote huko mji wa Mbeya unasogea. Mashamba yanakatwa viwanja, na nyumba iliyokuwa katikati ya mahindi inajikuta imezungukwa na maduka. Ndipo vikao vya ukoo vinapowaka moto: nyumba ya wazee ibomolewe au itengenezwe?

Wapo waliochagua kutengeneza. Kisolanza, kilometa 50 hivi kutoka Iringa ukielekea Mafinga, ipo nyumba ya shamba ya miaka ya 1930. Haikubomolewa. Shambani humo viliongezwa vijumba vya wageni na viwanja vya kupiga kambi, na wasafiri wa barabara kuu hulala hapo na kula mazao ya shamba lenyewe. Si kila ukoo una bahati ya kuwa na barabara kuu mlangoni, kweli. Lakini nyumba nyingi za zamani huku Nyanda za Juu zinabomolewa kwa ugonjwa unaotibika.

Ugonjwa wenyewe ni unyevu. Nyumba hizi nyingi zilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, si kwa saruji. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kidogo wakati wa masika, kisha huyatoa jua likiwaka. Unapumua. Sasa anakuja kijana kutoka Dar es Salaam na fedha zake, anaona ufa, anaamuru ukuta wote upigwe plasta ya saruji. Mwaka wa kwanza nyumba inapendeza. Baadaye plasta, kwa kuwa ni ngumu kuliko ukuta ulioibeba, inapasuka nyufa nyembamba; maji yanaingia na hayapati pa kutokea. Udongo unalainika, plasta inabanduka vipande vikubwa na kuondoka na nyuso za matofali. Hapo watu husema nyumba imezeeka!

Fundi anayezijua nyumba hizi hutumia chokaa na mchanga, na haanzi na ukuta hata kidogo. Anapanda juu kwanza, anatazama bati lililotoboka na kenchi zilizoliwa na mchwa. Kisha anachimba mfereji kuzunguka msingi, maji yaende mbali.

Liko pia suala la nani alipe, nalo huvunja nyumba kuliko mvua. Mmoja ananunua bati, mwingine anaishi humo, wa tatu anadai urithi. Kikao kiandike nani ametoa nini, na kwamba je, ni mchango au ni deni, kabla msumari wa kwanza haujapigwa.

Mvua za Mbeya huanza kuelekea Novemba. Mwenye fedha ya kazi moja tu aanze na paa. Rangi ingoje.