Matairi ya pikapu: Usinunue jina tu, soma ubavu

Pikapu inayobeba nyanya kutoka vijiji vya Kilolo kwenda Iringa mjini hukutana na barabara mbili zisizofanana katika safari moja. Asubuhi inapanda vilima vya udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, mchana inakimbia juu ya lami ya moto. Tairi linaloifaa barabara moja laweza kuwa balaa katika nyingine, na nyanya hazimsubiri mtu. Zikilala njiani siku mbili, faida imekwenda.

Zamani uchaguzi ulikuwa mwepesi. Kulikuwa na General Tyre ya Arusha, iliyosimamisha uzalishaji mwaka 2009, na Yana za Nairobi, ambako kiwanda kilifungwa mwaka 2016. Leo duka moja la mjini lina majina zaidi ya kumi, na swali la kwanza la mnunuzi ni lilelile: "Kampuni gani nzuri?"

Swali hilo halitoshi. Bridgestone ileile inauza Dueler za H/T, A/T na M/T, na hayo ni matairi matatu tofauti. H/T ni la barabara kuu: laini, halina kelele, lakini kwenye matope meno yake hujaa na kuwa kipara. M/T lina meno makubwa yaliyoachana, hujisafisha lenyewe matopeni, ila kwenye lami linanguruma, linaisha haraka, linaongeza mafuta na breki zake kwenye lami yenye maji ni dhaifu zaidi. A/T limekaa katikati, na kwa mkulima anayeuza mjini ndilo la kuanza nalo.

Katika A/T, BFGoodrich KO2 ilijijengea jina kwa ubavu wa tabaka tatu, unaostahimili mawe na visiki. Mrithi wake, KO3, alitoka mwaka 2024. Ni zito na bei yake inauma. Yokohama Geolandar A/T ni tulivu zaidi kwenye lami, hivyo linamfaa anayekaa barabara kuu siku nyingi kuliko shambani. Dunlop Grandtrek, ambalo Toyota nyingi huja nalo zikiwa mpya, latosha kwa lami na changarawe ngumu. Maxxis Bighorn ni la matope hasa. Mfanyabiashara wa mjini analinunua kwa ajili ya sura tu. Matairi ya China kama Linglong na Triangle si haki kuyatupa yote kapu moja, lakini hapo ndipo ubavu unapaswa kusomwa kwa makini.

Chukua tairi la 205R16C lenye alama 110/108. Namba 110 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,060. Tairi la gari dogo lenye namba 96 hubeba kilo 710 tu. Fundi anaweza kulifunga kwenye pikapu likaingia vizuri, na likapasuka siku ya mzigo.

Kuhusu bei, piga hesabu kwa kilomita. Tuseme tairi la Sh250,000 linakwenda kilomita 25,000: kila kilomita ni Sh10. La Sh450,000 likifika kilomita 60,000, ni Sh7.50. La rahisi limekuwa ghali, bado hujahesabu pancha.

Kupunguza upepo kidogo husaidia matopeni, kwani tairi hutandaza unyayo. Lakini beba pampu, ujaze kabla ya kushika lami. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mzito hupata joto hadi kupasuka.

Mwisho, tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama haujagusa barabara. Spea iliyofungwa chini ya bodi tangu gari linunuliwe nayo ina tarehe yake. Inama uisome kabla ya masika.