Makanisa ya Awali ya Miti na Suala la Uhifadhi Wake

Makala haya yanafafanua sababu za kutoweka kwa makanisa ya awali ya miti katika Afrika Mashariki, na kile kinachoweza kuhifadhiwa pale ambapo jengo lenyewe halipo tena.

Kanisa la miti la ukanda huu halikuwa la magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine. Lilifuata ujenzi wa nyumba za wenyeji: nguzo zilichimbiwa ardhini, zikafungwa fito, kuta zikakandikwa udongo na paa likaezekwa makuti au nyasi. Udhaifu wake ulikuwa chini ya nguzo, mahali ambapo unyevu na mchwa hukutana. Kinyume chake, kanisa la mbao la Urnes nchini Norwe, la karne ya 12, limedumu kwa kuwa nguzo zake zimeinuliwa juu ya msingi wa mawe.

Mfano bayana ni Namirembe, Uganda. Kanisa kubwa la nguzo lililofunguliwa mwaka 1892 liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Huko Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1888 iliharibiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Hata hivyo, Pugu leo ni kituo cha hija: majengo yalitoweka, kumbukumbu ya mahali ikabaki.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Misheni ya Bagamoyo, miongoni mwa zile kongwe zaidi Tanzania Bara, ilianzishwa mwaka 1868. Kwa hiyo, makanisa ya kipindi hicho huhitaji kutangazwa rasmi ndipo yalindwe.

Kutokana na hoja hizo, uhifadhi hauna budi kuanza na ardhi na watu. Nguzo iliyooza huacha alama ya shimo ambayo mwanaakiolojia huweza kuisoma. Wazee nao hukumbuka palipokuwa na altare. Katika Temeke na Kinondoni, ambako viwanja hujazwa majengo kwa kasi, usharika unaobomoa banda lake la kwanza ili kujenga kwa matofali unapaswa kwanza kulipima, kulipiga picha na kurekodi simulizi za waasisi. Kazi hiyo huhitaji futi kamba, kamera na siku chache; ikiachwa, haitawezekana tena.