Kompyuta ya nguvu Kigali: Usianze na kadi ya picha

Na Mwandishi Wetu, Kigali

NILIPOPATA fedha za kuunda kompyuta mpya ya kuhariri video, karibu kila niliyemwomba ushauri hapa Kigali alianza na swali lile lile: "Utaweka kadi gani ya picha?" Hakuna aliyeuliza kadi hiyo italishwa umeme na nini. Hata mimi nisingeuliza, kama si yaliyonikuta.

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na kadi nzuri na prosesa nzuri. Lakini pawasaplai, lile sanduku la chuma linalobadili umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaofaa kompyuta, niliinunua kwa bei ya kutupa katika duka moja mjini. Lebo yake ilidai wati 750. Usiku mmoja, nikiwa namalizia video ya sherehe ya gusaba, ilialika, ikatoa harufu ya kuungua, ikazimika. Iliondoka na mazabodi pamoja na diski. Picha za sherehe ile hazikupatikana tena, na ilinibidi niende nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi kuwaeleza. Siku hiyo sitaisahau.

Fundi wangu wa Biryogo aliinyanyua ile pawasaplai kwa mkono mmoja. "Mzee, sikia ilivyo nyepesi," akaniambia. Alipoifungua tukaona koili ndogo na vipande vyembamba vya kupoza joto. Wati 750 zilikuwa kwenye karatasi tu.

Safari hii tulianza na hesabu. Kadi ya RTX 5090 iliyotoka Januari 2025 hula hadi wati 575, na bei yake ya kutangazwa ilikuwa dola 1,999. Ndugu yake, RTX 5080, hula wati 360 na ilitangazwa kwa dola 999. Prosesa ya Ryzen 9 9950X, yenye viini 16, imeandikwa wati 170, ingawa ikibanwa na kazi huvuka hapo. Kwa RTX 5090 mtengenezaji anapendekeza pawasaplai ya wati 1,000; kwa RTX 5080, wati 850.

Nikachagua RTX 5080, nikanunua pawasaplai halisi ya wati 1,000. Vijana walinicheka. Lakini tofauti ya bei ya kadi hizo mbili ndiyo iliyonipa pawasaplai hiyo, UPS, na diski ya pili ya kuhifadhia nakala.

Wafanyabiashara wengi huagiza vifaa hivi Dubai. Shida ni kwamba pawasaplai nzuri ni nzito, na anayesafiri anahesabu kila kilo. Prosesa unaitia mfukoni; pawasaplai inakula nafasi ya nguo kwenye begi. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kifaa hiki ndicho watu hupenda kukiokotea popote.

Jambo jingine ni hewa. Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa asilimia 14 hivi. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile, hubeba joto pungufu. Bahati yetu ni baridi ya milimani, kwani chumba changu hakifiki joto la Pwani. Hata hivyo nilichukua kasha pana lenye feni kubwa, na vichujio vya vumbi ambavyo kiangazi, kuanzia Juni, navisafisha kila wiki.

Mzigo ulipofika tukaunganisha kila kitu hadi saa nne usiku. Ulipobaki waya wa ukutani, fundi akaushika, akacheka. Ulikuwa na pini tatu za bapa, za mtindo wa Kiingereza unaotumika Dubai, na soketi yangu ni ya matundu ya mviringo. Alitaka kuuchomeka kwa adapta ya bei rahisi aliyokuwa nayo mkobani. Nikamwambia tulale, kesho nitatafuta waya wenyewe.