Wachoraji wafufua ndege za mkia mwekundu kwenye kompyuta

Ndege ya kivita aina ya P-51 Mustang iliyorushwa na marubani weusi wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia hutambulika upesi kwa mkia wake mwekundu. Hata hivyo, anayetaka kuirejesha angani katika programu ya kompyuta ya kuigiza urubani hugundua kwamba wekundu huo ni mwanzo tu wa kazi.

Marubani hao walifunzwa Tuskegee, jimbo la Alabama, enzi ambapo jeshi la Marekani liliwatenga weusi na weupe. Kundi lao, la 332, likiongozwa na Benjamin O. Davis Mdogo, lilianza kutumia Mustang mnamo Julai 1944, likiruka kutoka Ramitelli nchini Italia kuzisindikiza ndege za kurusha mabomu. Mkia mwekundu ulikuwa alama ya kundi zima, ili waliosindikizwa wawatambue walinzi wao kwa mbali.

Katika programu hizo, umbo la ndege huundwa kwanza kama sanamu isiyo na rangi. Kisha mchoraji huandaa picha bapa, mithili ya ngozi ya mnyama iliyochunwa na kutandazwa, nayo kompyuta huivika sanamu. Sehemu nyingine ya picha hiyo huielekeza kompyuta ni wapi pang’ae na wapi pafifie.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mwili wa Mustang ulikuwa alumini tupu, lakini mabawa yalizibwa mianya na vichwa vya ribiti kwa lipu nyembamba, yakapigwa msasa na kupakwa rangi ya fedha kiwandani ili hewa ipite juu yake bila kuvurugwa. Bawa linalometameta na kuonyesha kila ribiti hupendeza macho, lakini ni uongo.

Ushahidi mkuu ni picha za wakati wa vita, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe. Baadhi ya filamu za zamani hazikuhisi mwanga mwekundu. Nyekundu, na hata manjano, zilitokea zikiwa zimekoza karibu na weusi, ilhali buluu ilipauka. Ndege zilizokarabatiwa zinazohifadhiwa hadi leo husaidia, ila anayezinakili hunakili pia makisio ya waliozipaka rangi.

Chukua ndege ya Lee Archer wa kikosi cha 302, aliyeangusha ndege tatu za adui mnamo Oktoba 12, 1944. Ubavuni iliandikwa “Ina the Macon Belle”, kwa heshima ya mpenzi wake ambaye baadaye alikuwa mkewe. Ilikuwa P-51C, yenye mgongo ulioinuka nyuma ya rubani na kioo chenye fremu. Programu kadhaa zina P-51D pekee, ambayo kioo chake ni cha mviringo kama povu. Anayelibandika jina hilo kwenye D humpa Archer ndege isiyokuwa yake. Afadhali amtafute rubani mwingine wa kundi hilo aliyerusha D.

Baadhi ya sanamu za miaka ya mwanzo ya 2000 zilizua tatizo jingine. Ili kuokoa nafasi katika kompyuta, picha moja ilivikwa pande zote mbili za ndege, hivyo jina lililosomeka vyema kushoto lilitokea kinyumenyume kulia. Mchoraji alilazimika kuchagua: kuliacha likiwa limegeuka upande mmoja, au kulifuta kabisa.