Mkandaji Ndani ya Msafara wa Baiskeli

Msafara wa Twende Butiama, unaofanywa kumuenzi Mwalimu Nyerere, hutoka Dar es Salaam hadi Butiama mkoani Mara, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Njiani waendeshaji hupanda miti na kukabidhi madawati shuleni. Katika misafara ya hisani kama huu, wengi si wanamichezo wa kulipwa. Ni walimu, wahasibu na wafanyabiashara ambao mwaka mzima wamekaa kwenye viti vya ofisi. Ikifika jioni ya tatu magoti yanagoma, shingo haigeuki, na kila mtu anauliza nani anajua kukanda.

Waendeshaji wa mashindano wana watu wao wa kazi hiyo. Fausto Coppi, Muitaliano aliyeshinda Tour de France mwaka 1949 na 1952, alitegemea mikono ya Biagio Cavanna, mkandaji kipofu. Kwenye msafara wa hisani anayekanda huwa ni mwenzenu aliyesomea masaji au fiziotherapia, naye amenyonga kilomita zilezile. Ninamwandikia yeye, na wale watakaolala chini ya mikono yake.

Kwanza tuondoe ahadi isiyo ya kweli. Watu wengi wanaamini kwamba kukanda kunatoa asidi iliyobaki kwenye misuli. Lakteti, ndiyo hiyo wanayoiita asidi, huzalishwa misuli inapofanya kazi kwa nguvu, na huondolewa na mwili wenyewe. Ukipumzika saa moja hivi, kiwango chake kwenye damu kimesharudi chini. Jioni mkandaji hana asidi ya kutoa. Tena, kunyonga pedeli hakuumizi nyuzi za misuli kama kukimbia kwenye mteremko. Sehemu kubwa ya maumivu ya mwendeshaji hutokana na kukaa mkao mmoja saa nyingi.

Basi kukanda kunasaidia nini? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua vijana 11 wa kiume, wakawaendeshesha baiskeli ya mazoezi hadi wakachoka kabisa, kisha wakakanda mguu mmoja tu wa kila kijana kwa dakika 10. Vipande vidogo vya misuli vilivyochukuliwa kupimwa vilionyesha dalili za uvimbe zimepungua kwenye mguu uliokandwa. Lakteti haikubadilika. Mwaka 2020 wataalamu wa Sheffield, Uingereza, waliunganisha tafiti 29 zilizohusisha watu zaidi ya 1,000: kukanda hakukuongeza nguvu, kasi wala ustahimilivu, ila kulipunguza kidogo maumivu ya misuli na kulegeza viungo. Maana yake, hutamfanya mwenzako aende kasi kesho. Utampunguzia maumivu, na huenda akalala vizuri. Kwa mtu anayesubiriwa na kilomita 100 alfajiri, hilo si jambo dogo, na ndiyo sababu naitetea kazi hii.

Dakika 15 kwa mtu mmoja zinatosha. Nawa mikono, mwombe ruhusa, muulize kama ana kisukari, ujauzito au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kaeni mahali pa wazi, wenzenu wakiwepo. Anza kwa kuchua polepole kutoka kwenye kifundo cha mguu kupanda juu, kigimbi kisha paja, halafu kiuno na shingo. Akianza kuzuia pumzi, umebonyeza kupita kiasi. Ukandaji mzito unaoacha mwili ukiuma siku mbili usubiri hadi msafara uishe. Usisahau mikono yako: viganja vilivyoshika usukani tangu asubuhi vimechoka, kwa hiyo tumia mkono wa mbele kuliko vidole gumba, na ukatae foleni inapozidi uwezo wako.

Mafuta ya nazi yanatosha. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, ambayo hutia ganzi kidogo, lakini yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi. Ni matone machache tu ndani ya mafuta ya nazi. Vidonda vya kwenye makalio vinavyotokana na siti usivipake wala kuvikanda. Dawa yake ni sabuni, ukavu na kaptula safi.

Kuna maumivu ambayo tiba yake iko kwenye baiskeli. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete huja pale neva inapobanwa chini ya kiganja. Inua usukani, vaa glavu zenye sponji, badilisha mshiko mara kwa mara. Goti linalouma mbele mara nyingi linasema siti iko chini mno. Linalouma nyuma, siti iko juu mno. Kwa hiyo mkandaji mzuri hubeba na spana.

Lakini faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba mikono inayokanda hugundua mapema. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma kuliko mwenzake, usikiguse: huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kukanda kunaweza kulisukuma donge hadi mapafuni. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, pamoja na misuli kuuma vikali na kulegea, ni ishara kwamba misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Aliyechanganyikiwa huku mwili ukiwaka moto apoozwe kwa maji palepale wakati gari likitafutwa. Bega la aliyeanguka barabarani lipigwe picha kabla ya kuchuliwa. Wenye dalili hizi wote ni wa hospitali usiku huohuo. Na anayemeza diklofenaki kila jioni huku amepungukiwa maji, mwambie aache, maana anazitesa figo zake.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili watoa huduma hizo. Kwa hiyo, waandaaji wa misafara, mtafuteni mkandaji aliyesomea kazi hiyo kabla ya kuondoka, mumtengee chumba chenye mwanga na maji, na mumpe mamlaka ya kumzuia mtu kupanda baiskeli kesho yake. Akisema fulani apande gari, msibishane naye, hata kama fulani huyo ndiye mfadhili.