Keja Majuu: Usijaribu Kukalia Dipoziti Wichita, Utalia

Msee akisikia Marekani, akili inakimbia New York ama Los Angeles. Halafu anaona bei ya keja huko, anafunga simu. Lakini kuna miji ya kadiri ambayo mtu wa kawaida anaweza kupumua. Mmoja ni Wichita, jimbo la Kansas: watu karibu 400,000, viwanda vya kutengeneza ndege, na chuo cha Wichita State University.

Binamu yangu alisomea huko, na alichomeka vibaya siku ya kuhama. Ndio maana naandika hii.

Kuingia

Hapa Kanairo unaongea na keateka, unatuma M-Pesa, jioni umeingiza godoro. Kule unajaza fomu kwanza na kulipia ada ya maombi, na ukikataliwa mara nyingi hiyo doh hairudi. Wanaangalia historia yako ya mkopo, kitu kama CRB yetu, na wengi wanataka mshahara mara tatu ya kodi. Keja ya dola 800? Onyesha dola 2,400 kwa mwezi.

Umefika juzi na hauna historia yoyote? Beba barua ya kazi ama ya chuo na karatasi za benki, ama utafute mtu wa kukudhamini. Na usitumie mtu pesa ya nyumba ambayo hujaiona. Makonkodi wa keja hewa wako kila mahali.

Dipoziti

Sheria ya Kansas imemfunga landilodi: nyumba isiyo na fanicha, dipoziti isizidi kodi ya mwezi mmoja. Ikiwa na fanicha, mwezi mmoja na nusu. Ukiwa na mnyama, anaweza kuongeza nusu mwezi.

Halafu kuna hii watu huipuuza: ndani ya siku 5 za kuingia, wewe na landilodi mnafaa kukagua nyumba pamoja, mwandike kila kitu kilivyo, mweke sahihi, kila mtu abaki na nakala. Doa kwa kapeti, mlango umepasuka, andika yote. Piga picha pia. Bila hiyo karatasi, uharibifu wa mpangaji wa kwanza utakuwa wako.

Bili

Mkataba kwa kawaida ni wa miezi 12, na ukitoka katikati unaweza kudaiwa. Uliza kama maji, takataka na gesi ziko ndani ya kodi. Stima ya huko, kampuni ni Evergy, na baridi ikianza kuuma bili ya kupasha nyumba moto inapanda. Uliza pia mtajificha wapi kimbunga kikija, maana Kansas ni njia yao.

Kutoka

Sasa hapa ndio binamu aliangukia. Mwezi wa mwisho hakulipa. Akamwambia landilodi, "Kata kwa dipoziti." Si ndio tunafanyanga huku? Landi ananuna, unabeba vitu, maisha yanaendelea.

Kansas, kama mkataba wenu hausemi vingine, ukifanya hivyo dipoziti yote imeenda, na kodi ya huo mwezi bado unadaiwa. Yaani unalipa mara mbili. Binamu alilipa, akabaki akikopa nauli ya kuhama.

Fanya hivi: lipa mpaka mwezi wa mwisho, toa notisi kwa maandishi vile mkataba unasema, safisha keja, rudisha funguo, kisha uitishe dipoziti yako kwa maandishi na uache anwani mpya. Akikata kitu, lazima akuandikie ni ya nini, na pesa iliyobaki ikufikie kabla siku 30 ziishe. Akiizuia bila sababu, unaweza kumpeleka kortini udai hiyo pesa pamoja na fidia ya mara moja na nusu yake.

Kwa hivyo kabla upande ndege, zile tabia za huku acha huku. Na ile karatasi ya siku 5, ilinde kama pasipoti.